Usilinganishe Bei ya Nyumba kwa Marumaru: Anza na Msingi, Mkanda na Paa

Leo tuweke pembeni mambo ya kupiga picha bidhaa na kujibu wateja, tuongelee nyumba. Najua kuna mtu atasema mwenye peji leo kapotea njia. Sijapotea, soma taratibu.

Wengi wetu humu tunauza mtandaoni na duka letu halisi ni chumba. Mzigo uko chini ya kitanda, mwingine juu ya kabati, mwingine kwa jirani. Ukishakaa hivyo miaka minne mitano, ukavunja kikoba, ukapata na ndugu wa kuchangia naye, wazo la kwanza ni nyumba ndogo ya kulala wewe na kulala mzigo. Na hapo ndo inatoka hela kubwa kuliko zote ulizowahi kushika, tena kwa siku moja. Ukikosea bei ya gauni unapoteza elfu kumi, kesho unauza lingine. Ukikosea bei ya nyumba unaanza upya na mtaji haupo.

Sasa angalia matangazo yenyewe yanavyoandikwa. "Inauzwa nyumba ya kisasa, vyumba vitatu, kimoja masta, marumaru, jipsamu, madirisha ya alumini, umeme na maji ndani, milioni 35, maongezi yapo." Rudia kusoma. Hakuna hata neno moja linalohusu kitu kinachoifanya nyumba isimame. Limetajwa kila kitu ambacho fundi anakibandika mwishoni. Sisi tunaouza mtandaoni ndo tulitakiwa tuwe wa kwanza kushtuka, maana tunajua pembe nzuri ya picha inavyofanya kazi.

Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: bei ya nyumba mbili hailinganishwi mpaka utoe kwanza thamani ya kiwanja, halafu ujumlishe gharama ya kuifanya nyumba ibebe kazi unayoitaka wewe. Kazi unayoitaka wewe, siyo ya dalali wala ya jirani. Hapo mwisho ndo watu wengi wanaparuka, na mimi ndo nitakaa sana.

Nitumie nyumba tatu tulizozizungukia mimi na kaka yangu mwaka huu. Mimi nauza mchele na maharage, nina kibanda Mwanjelwa na wateja wengi wa mtandaoni wako Dar na Dodoma. Mchele nautoa Ubaruku, wilaya ya Mbarali, ambako ni kati ya Mbeya na Iringa. Kwa hiyo kwetu kukaa Mbeya au kukaa Iringa yote sawa, barabara kuu ni ile ile inayotoka Tunduma kwenda Dar. Tukaona tutafute miji yote miwili, bei nzuri ndo iamue.

Nyumba ya kwanza iko Uyole, milioni 42. Ya pili iko Isyesye, hapo hapo Mbeya, milioni 35. Ya tatu iko Iringa, mteremko wa Kihesa, milioni 40. Bei za viwanja niliuliza watu watatu watatu kila mtaa, siyo dalali peke yake, nikachukua wastani: Uyole milioni 12, Isyesye milioni 11, Kihesa milioni 9 kwa sababu ya ule mteremko. Ukitoa kiwanja, jengo la Uyole linabaki milioni 30, la Isyesye milioni 24, la Kihesa milioni 31.

Ukubwa nilipima mwenyewe kwa futi ya mafundi, nje kwa nje. Uyole mita mraba 100, Isyesye 100, Kihesa 130 ukihesabu na vyumba vya chini. Gawanya. Uyole inakuja shilingi 300,000 kwa mita mraba moja, Isyesye 240,000, Kihesa 238,000 na kitu. Ukiishia hapa, Uyole ndiyo ghali na mwenye nyumba anaonekana ana tamaa. Tena haina marumaru, haina jipsamu, plasta ya ndani imekwaruzwa tu. Dalali wa Isyesye aliniambia, "Dada angu, kule unalipia nini? Huku unaingia na begi lako tu."

Tuone sasa kule kunalipiwa nini.

Nianze na mkanda, maana ndo kitu kilichobadilisha hesabu yote. Mkanda ni ile zege yenye nondo inayozunguka juu ya kuta zote, za nje na za ndani, kabla ya kupaua. Usiuchanganye na linta. Linta inakaa juu ya mlango na dirisha, na mafundi wengine wanaikata kata: juu ya dirisha ipo, pembeni haipo. Mkanda unaozunguka wote unafanya kuta ziwe kitu kimoja kama hipu ya pipa. Bila huo kila ukuta unasimama kivyake, na paa linazisukuma kuta kwenda nje kidogo kidogo.

Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini hili siyo la kitabuni. Mbeya imekaa pale ambapo mabonde ya ufa yanakutana, la Rukwa, la Usangu na la Ziwa Nyasa. Tarehe 13 Desemba 1910 kulitokea tetemeko upande wa Rukwa la ukubwa wa 7.4, ni moja ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Desemba 2009 Karonga, hapo ng'ambo tu ya mpaka wa Malawi, walitikiswa wiki kadhaa na nyumba nyingi za tofali zikaanguka. Halafu wote tunakumbuka Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya 15 walifariki na maelfu wakabaki bila nyumba. 5.9 siyo namba ya kutisha duniani, ila kwa tofali zilizojengewa udongo na kuta ambazo hazijafungwa juu, inatosha.

Mtu asiniambie nachukia tofali za kuchoma. Iringa na Mbeya ndo tofali zetu, na ukizunguka Iringa mjini au Tosamaganga utaona majengo ya zamani ya tofali na mawe yaliyosimama kabla bibi yangu hajazaliwa. Tofali ya kuchoma iliyoiva vizuri, ukizigonganisha mbili zinalia kama chuma. Tatizo linakuja zikijengewa udongo badala ya saruji, halafu juu zikapigwa plasta ya saruji ili zifanane na nyingine. Kwa macho hujui. Isyesye ilikuwa hivyo. Nilijuaje? Nyuma ya choo cha nje kuna sehemu plasta ilikuwa imebanduka, nikapitisha msumari kati ya tofali na tofali. Ukaingia wote, ukatoka na udongo mwekundu.

Mkanda niliutafuta hivi. Niliomba kufunguliwa kale kamlango ka kwenye dari, nikapanda na tochi ya simu. Juu ya ukuta ukiona zege imetandazwa ya kimo cha sentimita 20 hivi, na waya au vipande vya nondo vimetoka na kufungia mbao za kenchi, upo. Ukiona tofali moja kwa moja halafu mbao imelazwa juu yake, haupo. Isyesye mbao zililala juu ya tofali. Uyole mkanda upo, na kenchi zimefungwa.

Kama huwezi kupanda darini, mwombe muuzaji picha za ujenzi. Hii njia naipenda kuliko zote. Siku hizi nani anajenga bila kupiga picha? Kila mtu aliweka msingi wake kwenye status ya WhatsApp na neno "Mungu ni mwema." Mwambie akutafutie picha za msingi, picha za nondo kabla zege haijamwagwa, picha za kupaua. Mwenye nyumba ya Uyole alinitumia picha kama 40, kuna moja fundi kashika ringi anacheka. Mwenye Isyesye alisema simu iliibiwa. Inawezekana kabisa iliibiwa, lakini mimi nanunua ninachokiona.

Sasa gharama. Nyumba ya mita 10 kwa 10, ukijumlisha kuta za nje na za ndani, mkanda unakuwa mita 70 hivi. Ukiwa na upana wa sentimita 15 na kimo cha 20, zege yake ni mita za ujazo 2.1. Zege ya moja-mbili-nne inakula mifuko sita na nusu hivi ya saruji kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mifuko 14. Nondo nne za milimita 12 zikizunguka zote ni mita 280, ukiongeza za kuunganishia ni nondo 26. Ringi za milimita 8 kila baada ya sentimita 20 zinakula nondo 18. Kwa bei nilizopewa dukani wiki ile: saruji 14 kwa 18,000 ni 252,000, nondo kubwa 26 kwa 26,000 ni 676,000, za ringi 18 kwa 13,000 ni 234,000. Kokoto, mchanga, waya, mbao za kumwagia na ufundi fundi alinipigia 938,000. Jumla milioni 2 na laki moja. Wewe weka bei za mtaani kwako, njia ni hiyo hiyo.

Ona hapo. Milioni 2.1 tu, kama ungeiweka wakati unajenga. Lakini nyumba ya Isyesye imeshapauliwa. Ili umwage mkanda leo unashusha bati, unashusha kenchi, unamwaga, unasubiri zege ikomae, unapandisha tena. Kushusha na kupandisha fundi alisema milioni 2.4, bati zitakazotoboka, mbao zitakazopasuka na jipsamu litakalovunjika milioni 1.5. Kitu cha milioni 2.1 kimekuwa milioni 6. Ndo maana siku zote nasema kilichojificha ndani ya ukuta kina bei mbili, bei ya siku ya kujenga na bei ya siku ya kurudia. Muuzaji anakukadiria kwa ya kwanza, wewe utalipa ya pili.

Isyesye haikuishia hapo. Kuta za chini zilikuwa zimepakwa rangi mpya, lakini mwisho wake ni usawa wa kiuno, juu rangi ya zamani. Ukiona rangi mpya ya kiunoni, jiulize inaficha nini. Mara nyingi ni maji yanayopanda kutoka chini kwa sababu msingi hauna nailoni ya kuzuia unyevu kati yake na ukuta, au msingi ni mfupi, jamvi liko karibu sawa na uwanja. Mvua zetu huku zinaanza Novemba mpaka Aprili, Mbeya hata Mei. Mchele kwenye chumba cha namna hiyo unaota ukungu kwenye magunia ya chini na hujui mpaka mteja wa Dodoma akupigie. Anayeuza viatu vya ngozi, mikoba, mashuka, anajua ninachosema. Kuchimba mitaro kuzunguka, kuinua sakafu ya stoo na kuziba, milioni 3. Nyufa za kwenye kona za madirisha na plasta mpya, milioni 1.5.

Kuhusu nyufa nitoe maneno mawili. Ufa mwembamba kama unywele, uko kwenye plasta tu, huo ni plasta imekauka haraka, usikuogopeshe. Ufa unaopanda kama ngazi, tofali kwa tofali, kutoka kona ya dirisha kwenda juu, na ukucha wako unaingia, huo umetoka kwenye msingi au juu hakujafungwa. Chukua penseli, weka alama pale ufa unapoishia, andika na tarehe. Rudi baada ya wiki sita, hasa kama mvua imenyesha katikati. Ukivuka alama, nyumba bado inatembea. Muuzaji mwenye haraka atachukia hiyo penseli, lakini mwache achukie.

Ukijumlisha Isyesye, milioni 24 ya jengo na milioni 10.5 za kurekebisha ni 34.5. Gawa kwa mita 100 unapata 345,000. Uyole tuliipigia milioni 2.5: zege nene ya stoo, mifereji ya bati na mlango wa chuma wa kupitishia mzigo. Inakuja 325,000. Nyumba iliyokuwa rahisi kwa 60,000 kila mita sasa ni ghali kwa 20,000 kila mita, na bado hujalala miezi miwili kwa ndugu wakati paa liko chini.

Paa la Uyole nalo tuliligusa. Bati geji 28. Kumbuka geji inaenda kinyume, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, kwa hiyo 30 ni jembamba kuliko 28 na 32 ndo kabisa. Mbao ni za paina zilizotiwa dawa, zile zenye ukijanikijani. Sisi tuna bahati, msitu wa Sao Hill uko Mufindi hapo, mbao hazitoki mbali, sioni sababu ya mtu wa Iringa au Mbeya kupaua kwa mbao mbichi zisizo na dawa. Lakini zipo nyumba nyingi tu zimefanya hivyo, na mchwa hawajui kwamba ulikuwa unabana bajeti.

Haya, twende Iringa, nyumba ya Kihesa. Hii ndo nilikaa nayo usiku mzima na kikokotoo.

Iringa ni mji wa vilima, na nyumba ya mteremkoni ina faida yake. Mbele unaingia usawa wa barabara, nyuma kunashuka, kwa hiyo chini unapata vyumba vya bure, au vinavyoonekana vya bure. Mwenye nyumba alikuwa na vyumba viwili vya chini, jumla mita mraba 35, na juu yake sakafu ya zege yenye sebule na vyumba vya kulala. Kaka yangu alishaamua: mchele chini, sisi juu. Tulivyoshuka tukakuta ukuta wa nyuma unalia. Ule ukuta umeegemewa na kilima. Mvua ikinyesha udongo unajaa maji, unakuwa mzito, unasukuma. Ukuta wa kuzuia udongo unatakiwa uwe mnene, uwe na nondo au uwe wa mawe mapana chini, na uwe na matundu ya kutolea maji na kokoto nyuma yake. Huu ulikuwa tofali moja kama ukuta wa sebule, hauna tundu hata moja, na katikati umetoa kitumbo. Nilinyoosha kamba kutoka kona mpaka kona, kitumbo kilikuwa vidole vitatu.

Kaka akasema basi mchele tuupandishe juu. Hapo ndo nikataka hesabu. Sakafu ya juu ya nyumba ya kuishi wahandisi huwa wanaikadiria ibebe watu na samani, kama kilo 150 mpaka 200 kwa kila mita mraba. Gunia langu la kilo 50 likilala linachukua kama mita 0.4 mraba. Kwenye mita mraba moja yanaenea mawili na nusu. Ukipanga sita kwenda juu, ni magunia 15, kilo 750. Mara nne mpaka tano ya kilichokadiriwa, tena kama kilikadiriwa. Wenye mitumba msicheke: belo la kilo 45, ukipanga nane kwenye mita mraba ni kilo 360. Nalo limezidi.

Wakati wa ghorofa la Kariakoo, Novemba 16, 2024, tuliona jengo la maduka linashuka mchana kweupe. Watu zaidi ya 20 walifariki na mitaji ya wafanyabiashara ikabaki chini ya kifusi. Sababu za pale sizisemi mimi. Ila tangu siku ile sipandishi gunia ghorofani bila kuuliza sakafu imechorwa ibebe nini.

Nikamuuliza mwenye nyumba kama ana michoro. Akaniletea ramani nzuri kabisa, vyumba, milango, mpaka mahali pa sofa. Hiyo ni ramani ya vyumba. Michoro ya kihandisi ni karatasi nyingine, inaonyesha nondo za ukubwa gani zimekaa wapi, unene wa sakafu, nguzo, boriti, msingi, na ina jina na mhuri wa mhandisi. Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kama nyumba ilijengwa kwa kibali cha ujenzi cha halmashauri, omba na kibali. Nyumba ya chini ya kawaida unaweza kujifariji, lakini yenye sakafu ya juu na kuta zinazozuia kilima, mimi bila mhandisi sitoi hata shilingi ya udalali.

Tulimlipa mhandisi akaja akapima. Alisema nguzo na sakafu vinafaa kwa kuishi, stoo ya juu hapana, na ukuta wa nyuma ujengwe upya kwa mawe pamoja na mitaro. Ukuta milioni 8, mitaro na gharama yake milioni 1.5. Jengo la milioni 31 likawa 40.5. Gawa kwa 130: 311,500.

Umeona kilichotokea? Pamoja na ukuta wote ule, Kihesa bado ni rahisi kuliko Uyole, ambayo ni 325,000. Na ndo ukweli wenyewe. Kwa mtu anayeuza wigi, mafuta ya nywele, nguo za watoto, kava za simu, mzigo wake wote ni kilo mia mbili na anauweka kwenye rafu, nyumba ya Kihesa ikishajengewa ukuta ndo bei nzuri kuliko zote tatu. Nimeshamwambia rafiki yangu mmoja wa vipodozi aende akaiangalie, na aende na namba ya mhandisi yule yule.

Kwangu haifai. Vyumba vya chini, hata ukuta ukijengwa, mhandisi alisema vitabaki na ubaridi wa udongo, mchele siwezi kuulaza mle. Nikitoa zile mita 35 nisizoweza kutumia, 40.5 nagawa kwa 95, inakuja 426,000 kwa mita ninayoitumia. Nyumba ni ile ile, bei ni ile ile, mfanyabiashara mwingine.

Kwa Uyole stoo iko chini, sakafu imelala juu ya udongo ulioshindiliwa, siyo hewani. Mzigo unashuka moja kwa moja ardhini. Mita 24 za stoo nikiziwekea zege ya sentimita 10 na mbao za kuinulia magunia, napanga hata saba kwenda juu. Kitu kimoja nilichokagua ni kama uwanja wote ni ardhi ya asili au umejazwa. Mama mmoja jirani, tulimsalimia shikamoo tukakaa naye kidogo, ndo aliyetuambia kwamba pale palikuwa shamba la viazi tangu anaolewa, na kwamba bonde lililojazwa kifusi ni nyumba tatu mbele. Jirani mzee ana taarifa ambazo hazipo kwenye mchoro wowote. Nyumba iliyokaa kwenye bonde la kujaza mimi siipigii hata hesabu, maana msingi huwezi kuubadilisha kama bati.

Faida nyingine ya hesabu hii ni kwenye maongezi. Usiende kusema "punguza." Kila mtu anasema punguza. Nenda na karatasi. Isyesye ili ilingane na Uyole kwangu, jengo pamoja na matengenezo lisizidi milioni 32.5. Toa 10.5 za matengenezo inabaki 22, ongeza kiwanja 11, unapata 33. Milioni 33 ndo tunakuwa sawa, na kwa usumbufu wa kuezua nyumba nilimwandikia 31. Nilimtumia na mchanganuo wa mkanda, nondo kwa nondo. Hakukasirika, aliniuliza fundi niliyemtumia ni nani. Ila alikataa, akasema yupo mteja wa Dar anayekuja na 34. Sawa, soko ni lake.

Karatasi hiyo hiyo inafanya kazi na nyumba nzuri. Uyole nilimwonyesha mwenyewe kwamba nimeona mkanda wake, nimeona geji ya bati, nimeona picha za nondo, na kwamba kwa hivyo sitamwambia nyumba yake mbovu ili ashushe. Nikamwambia kilichobaki ni zege ya stoo, mifereji na mlango, milioni 2.5, tugawane. Nimemwekea milioni 40 na laki 8. Hati na mipaka kaka anafuatilia ardhi, hilo ni somo lake peke yake na nitaliandika likikamilika. Mwenye nyumba amesema atajibu akitoka kuuza mahindi Tunduma, wiki ijayo.

Kama nawe unalinganisha nyumba sasa hivi, niandikie mtaa, bei, unauza nini na mzigo wako unapanga kuuweka chumba cha chini au cha juu. Picha za marumaru usinitumie. Nitumie ya darini na ya nyuma ya nyumba.